Korongo Anajua Majira Yake

Mahubiri ya redio
Masomo: Yeremia 8:7, Luka 12:54-56, Mithali 22:3

Ninawasalimu ninyi mnaotusikiliza Kanyaruchinya, Kibati, Buhene, Munigi na mjini Goma. Ninamsalimu mama anayewasha makala, kijana anayesukuma chukudu, mlinzi anayetoka zamu ya usiku, na ndugu zetu walioonja maisha ya chini ya shitingi. Amani ya Bwana iwe nanyi nyote.

Leo ninaanza na swali. Siku moja, baada ya kipindi, mama mmoja alinipigia simu. Akasema: "Pasta, siafu waliingia nyumbani kwangu wakati wa jioni. Nikawaambia watoto watoe bidoni na sufuria nje, kwa sababu mvua inakuja. Jirani yangu, ambaye ni mtu wa maombi kabisa, akaniambia kwamba huo ni uaguzi. Je, nimetenda dhambi?"

Nikamuuliza, "Mama, mvua ilinyesha?" Akacheka. "Ilinyesha, Pasta. Nilijaza bidoni nne."

Wapendwa, mtu asiyeishi hapa kwetu hawezi kujua bidoni nne ni utajiri gani. Sisi tunakaa juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, maji yanapotelea katika nyufa za mawe, na hatuna mto wa kwenda kuchota. Bati la nyumba ndilo bomba letu. Mtoto ambaye hakutumwa maji asubuhi ile alifika shuleni mapema. Basi lile si swali la mchezo.

Lakini niliposhusha simu nikawaza. Watu hao hao wanaosoma siafu wanasoma pia bundi. Wanasoma mbwa anayelia usiku na jogoo anayewika saa isiyo yake. Na wako wanaosema kwamba mlima wetu, Nyiragongo, hauwezi kulipuka kabla wanyama hawajatuambia. Je, yote hayo ni kitu kimoja? Nitayagawa katika sehemu tatu: ishara ya kusoma, ishara ya kukataa, na ishara ambayo hatupaswi kuingojea.

1. ISHARA YA KUSOMA

Nabii Yeremia, katika sura ya 8, anawataja ndege kwa majina: korongo, hua, mbayuwayu. Anasema kwamba ndege hao wanajua wakati wao wa kuja na wakati wao wa kwenda. Yeremia hakuona haya kuwatazama ndege. Aliwatazama vizuri mpaka akapata mahubiri.

Na ndege hao tunao. Mbayuwayu wengi tunaowaona hapa wanatoka Ulaya. Wanafika kwetu karibu na Septemba na Oktoba, wakati kiangazi kimekwisha na sisi tumeshika jembe kupanda muhindi na maharagi. Mwezi wa tatu na wa nne wanarudi. Hawana kalenda ukutani wala simu mfukoni, lakini hawakosi njia. Ni nani aliyewafundisha? Semeni Amina.

Tena, mkimwona mbayuwayu anaruka chini chini, karibu na majani, wazee wanasema mvua iko karibu. Kuna sababu. Mbayuwayu anakula wadudu wadogo. Hewa ikiwa nzito na yenye unyevu, mara nyingi wadudu wanashuka, naye anafuata chakula chake. Siafu nao wanaishi ardhini. Maji yakitishia shimo lao, wanahama na watoto wao, na pengine nyumba yako iko njiani. Vyura wanaimba zaidi hewa ikiwa na unyevu, kwa sababu ngozi yao inahitaji maji. Hakuna pepo hapo. Hiyo ni kazi ya mikono ya Mungu, naye aliyetupa macho hatatuhukumu kwa kuyatumia.

Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 12, aliwaambia watu kwamba wakiona wingu upande wa magharibi wanasema mvua inakuja, na kweli inakuja. Hakuwaambia kwamba wametenda dhambi. Na Eliya pale Karmeli, baada ya kuomba kwa bidii, alimtuma mtumishi wake aende kutazama upande wa bahari. Alimtuma mara saba. Mtu wa maombi na mtu wa kutazama walikuwa juu ya mlima mmoja.

Basi, mama wa siafu, hukutenda dhambi. Toa bidoni zako nje.

Lakini tujue na kipimo chake. Ishara hizi ni za leo na kesho. Si za msimu mzima. Nitawaambia jambo la nyumbani kwetu Rutshuru. Nilipokuwa mtoto, mwaka mmoja mvua ilinyesha mwezi wa nane, na kesho yake kumbikumbi wakatoka kwa wingi. Tulifurahi, tukawakaanga, tukala. Mama yangu akasema, "Masika imeingia," akapanda mbegu zote za maharagi alizokuwa nazo. Baada ya hapo jua likawaka wiki tatu. Maharagi yaliota, yakakauka. Tulienda kukopa mbegu kwa jirani, na deni lile tulilipa mpaka mwaka uliofuata.

Kumbikumbi hawakusema uongo. Wao wanatoka kwa sababu udongo umelowa na hewa ina unyevu. Walisema, "Mvua imenyesha." Sisi ndio tuliosikia, "Mvua itaendelea." Tangu siku ile mama yangu alikuwa anapanda nusu, anabakiza nusu. Hiyo nayo ni hekima, na Mungu anaipenda.

2. ISHARA YA KUKATAA

Sasa ninakuja kwenye jambo gumu, na hapa ninazungumza pia juu ya kosa langu.

Mnakumbuka mwisho wa mwaka 2022. Watu walikimbia vita vya Rutshuru, wakajaa Kanyaruchinya. Walilala katika shule, makanisani, kando ya barabara, juu ya mawe. Kipindupindu kilikuwa kimeingia. Kati yao alikuwepo bibi mmoja mzee, mjane, ambaye hakuja na mtoto wala mjukuu. Karibu na kibanda chake kulikuwa na mti wa mkaratusi, na usiku bundi alikuwa anakuja juu ya mti ule na kulia.

Mtoto wa kibanda cha jirani akaharisha siku mbili, akafa. Maneno yakaanza: "Bundi yule ni wa nani? Mbona analia juu ya yule bibi?" Usiku ule mtu akanipigia simu. "Pasta, njoo, vijana wanakusanyika." Nilikuwa nimechoka. Na niseme ukweli mbele za Mungu: niliogopa pia. Nikajibu, "Nitakuja asubuhi."

Asubuhi nilikuta kibanda kimepasuliwa. Bibi alikuwa amepigwa jiwe begani. Aliyemficha usiku kucha ni mama mmoja ambaye hakuwa mtu wa kanisa letu. Na kati ya vijana waliorusha mawe, wawili niliwabatiza mimi.

Nikakaa chini na vijana wale wawili. Sikuwafokea, kwa sababu mimi nilikuwa nimelala. Niliwauliza, "Mtoto alikuwa anakunywa maji ya wapi?" Wakanyamaza. Tukaenda kuangalia. Familia ile ilikuwa inachota maji ya mvua yaliyotuama katika shimo la mawe, na shimo lilikuwa chini ya vyoo. Bundi je? Watu walikuwa wameweka unga ndani ya vibanda, na panya wakaufuata unga. Bundi naye alifuata panya. Alikuwa anawalindia chakula chao, nao walimfanya shahidi wa kumuua mjane.

Wapendwa, sikieni neno hili vizuri, ndilo mzigo wangu leo. Ishara ya uongo haikutii hofu tu. Inakuficha ishara ya kweli. Watu wote walikuwa wanatazama juu, kwenye mti, na hakuna aliyetazama chini, kwenye maji. Kama hatungetazama shimo lile siku ile, mtoto wa pili angefuata, na wa tatu, na wangetafuta bibi mwingine wa kupiga.

Ndiyo sababu Mungu, katika Kumbukumbu la Torati 18, aliwakataza watu wake kuwa wasoma bahati na wapiga ramli. Hakukataza ili kutunyima maarifa. Alikataza kwa sababu anajua mahali njia ile inapoishia: inaishia mlangoni kwa mjane.

Utajuaje tofauti ya siafu na bundi? Jiulize maswali mawili. La kwanza: je, ninaweza kueleza sababu? Siafu wanahama maji, hiyo inaelezeka. Bundi anajuaje jina la mtu atakayekufa? La pili: ishara hii inanituma kufanya nini? Ikinituma kutoa bidoni, kuanua nguo, kufunika makala, ni sawa. Ikinituma kumtafuta mtu wa kumlaumu, au kwenda kwa mganga na kuku, niikatae kwa jina la Yesu.

Vijana wale walirudi wakajenga kibanda cha bibi upya kwa mikono yao. Bibi akawasamehe siku ile ile. Mimi nilikawia siku tatu kwenda kumwomba msamaha, na ninaona haya kwa siku zile tatu. Unaponisikia sasa, kama kuna mzee wa mtaa wako anayeitwa mchawi kwa sababu ya ndege, paka au popo, usiseme kama nilivyosema mimi, "Nitakuja asubuhi." Nenda usiku huu.

3. ISHARA TUSIYOPASWA KUINGOJEA

Yesu alizungumza pia juu ya watu waliosoma wekundu wa mbingu. Sisi wa Kanyaruchinya tuna wekundu mwingine. Usiku tukitazama kaskazini, wekundu tunaoutafuta ni wa mlima.

Nyiragongo ulilipuka tarehe 10 Januari 1977. Ukalipuka tena tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani. Ukalipuka tena Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, wakati wa jioni. Lava ikakata barabara ya Rutshuru, ikachoma nyumba nyingi za ndugu zetu, ikasimama Buhene, si mbali na kiwanja cha ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa.

Baada ya siku ile niliwasikia watu wengi wakisema, "Mbwa wangu alilia mchana kutwa." "Mbuzi wangu walikataa kula." Sitaki kumwita mtu mwongo. Lakini nitawaambia juu ya mbwa wangu. Jioni ile mbwa wangu alikuwa amelala chini ya meza. Watoto ndio waliopiga kelele kwanza walipoona mbingu nyekundu. Yeye aliamka kwa sababu yao, akatufuata tukikimbia. Hakuna anayesimulia juu ya mbwa aliyelala. Tunakumbuka yule aliyelia, na mbwa wanalia karibu kila usiku.

Huko China, mwezi wa pili mwaka 1975, watu wa Haicheng waliona nyoka wakitoka mashimoni wakati wa baridi kali, na ardhi ikatetemeka kidogo kidogo mara nyingi. Wakubwa wakawaondoa watu majumbani, kisha tetemeko kubwa likaja tarehe 4, na wengi wakaokoka. Watu wakasema, "Sasa tumepata dawa." Mwaka uliofuata, tarehe 28 Julai 1976, tetemeko likapiga Tangshan, katika nchi ile ile, usiku, watu wakiwa wamelala. Hakuna aliyewaambia watoke. Zaidi ya watu 240,000 walikufa. Mnyama anaweza kusikia kitu leo na kesho asisikie.

Na tusiwacheke wanyama, kwa sababu hata vyombo vya wataalamu vina mpaka. Wataalamu waliouchunguza mlipuko wa 2021 waliandika mwaka 2022 kwamba dalili za wazi zilianza chini ya saa moja kabla lava haijatoka. Chini ya saa moja! Muda huo unatosha kwa mtu aliyekwisha kujipanga. Hautoshi kwa mtu anayetafuta viatu vya watoto gizani na kuuliza kama mbwa amelia.

Ninasema hili pia kwetu sisi wahubiri. Mtu asiwaambie watu, "Bwana amenionyesha, mlima hautalipuka, kaeni." Na wewe usingoje ndoto yangu ndipo ukimbie. Mithali 22:3 inatufundisha kwamba mwenye akili anaiona hatari na kujificha, lakini mjinga anaendelea mbele na kuumia. Nuhu hakungoja wanyama wamwambie. Alisikia Neno, akajenga wakati jua linawaka. Wanyama walikuja safina ikiwa tayari.

Lakini kuna mahali pamoja ambapo mnyama anatuambia jambo la haraka, na wengi hatumsikii. Ni mazuku. Ile hewa mbaya inayotoka ardhini, hasa upande wa Sake na kando ya ziwa, ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Inakaa mabondeni na mashimoni, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Haionekani. Ukikuta ndege, mjusi au mbuzi amekufa katika shimo bila jeraha, usishuke. Mbuzi wako akianguka humo, usimfuate. Mtoto wako akitaka kumfuata, mshike. Watu wamekufa wawili wawili kwa njia hiyo, wa pili akimfuata wa kwanza. Kumbukeni punda wa Balaamu: alisimama kwa sababu aliona kifo njiani, na bwana wake akampiga mara tatu. Mnyama wako akikataa kuingia shimoni, usimpige. Mshukuru, mrudi pamoja.

YA KUFANYA WIKI HII

Ninawapa kazi, si kubwa. Leo jioni kaeni na watoto mkubaliane mahali pa kukutana kama mkitawanyika. Mwaka 2021 watoto wengi walipotezana na wazazi wao usiku ule. Mfundishe mtoto mdogo kusema jina lake lote, jina lako, na namba ya simu. Weka karatasi zako za muhimu katika mfuko mmoja, mahali unapoweza kuushika hata gizani. Jua rangi ya hatari ya volkano inayotangazwa na Observatoire Volcanologique de Goma: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Ukipata habari ya simu isiyo na mwenyewe, usiitume mbele. Lava ikisha kupita, usiivuke ingali na moto na moshi; wako waliookoka usiku na kufa kesho yake kwa kuivuka.

Na maji ya mvua uliyoyakinga, yachemshe au yatie dawa kabla ya kunywa.

MWISHO

Ninarudi kwa korongo wa Yeremia. Mungu hakumsifu korongo ili tuwe wataalamu wa ndege. Alikuwa na uchungu. Alisema kwamba ndege wanajua majira yao, lakini watu wake hawaijui hukumu yake. Yesu naye aliwauliza wale wasoma mawingu: mnajua kupima mbingu, je, mbona hamwezi kupima wakati huu?

Tunajua mvua ikikaribia. Je, tunajua moyo wa jirani ukikaribia kuvunjika? Tunasikia bundi akilia. Je, tunasikia mjane akilia? Huo ndio wakati tunaoulizwa kuusoma. Na kama wewe unayenisikia hujampa Yesu maisha yako, majira yako ni leo. Mbayuwayu akikawia Ulaya, baridi inamkuta. Usikawie.

Tuombe. Baba wa mbinguni, asante kwa siafu na kwa mbayuwayu, kazi ya mikono yako. Asante kwa mvua juu ya bati zetu. Utusamehe mawe tuliyorusha na usiku tuliolala tukiitwa. Uvunje hofu ya bundi katika nyumba zetu. Utupe macho ya kuona hatari, miguu ya kuondoka mapema, na mikono ya kumshika mtoto wa jirani. Ulinde Kanyaruchinya, ulinde Goma, uwape amani waliokimbia na uwarudishe makwao. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Mungu awabariki. Na kama mbayuwayu wanaruka chini leo, toeni bidoni nje.